Sikio la Nani? Ubishi wa Wapenda Sauti, Kutoka Barazani hadi West Bay

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake hadi Bombay, akarekodiwa na kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile ambayo santuri zake zilikuwa na picha ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake. Santuri ziliporudi Unguja na kuenea pwani, jambo likawa geni: mwimbaji yuko kwake Ng'ambo, na sauti yake iko barazani kwa jirani, inatoka sandukuni. Nyimbo zenyewe zilikuwa za kuzungumzwa. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, ulihusu mauaji ya mwanamke na kesi iliyofuata, na wimbo wa namna hiyo haupigwi mbele ya watu wakanyamaza. Lakini pamoja na maneno ya wimbo palikuwa na neno jingine, ambalo halijesha hadi leo. Hiyo iliyomo sandukuni ni sauti yake hasa, au ni kivuli? Na sikio la nani liamue?

Wasomaji wetu wapenzi, tumependa kulifuata swali hilo kwa sababu mbili. Kwanza, sisi ni watu wa uhandisi, na mashine za sauti zimekuwa maradhi yetu tangu tulipokuwa wanafunzi ugenini, tukinunua spika zilizotumika badala ya makoti ya baridi. Pili, hapa Doha ubishi wa namna hiyo ulikaribia kutuvunjia kikao, na kutupotezea kitu ambacho hakina nakala nyingine duniani.

Kabla ya kufika huko, turudi nyuma kidogo, maana Mswahili hakufundishwa kubishana na gramafoni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alikuwa akirushiana mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa katika uhasama uliowafikisha kwenye vita vya Shela. Shairi lilitoka Mombasa, likajibiwa Lamu, likarudi. Na kujibu kulikuwa na sharti lake. Mwenye kujibu hujibu kwa bahari ile ile, na mara nyingi kwa vina vile vile, akichukua neno la mwenziwe na kuligeuza. Sasa tazama sharti hilo linamlazimisha mtu kitu gani. Huwezi kujibu kwa vina vya mwenzio kama hukumsikiliza hadi mwisho. Huwezi kuligeuza neno lake kama hukulielewa. Aliyeropoka alijulikana papo hapo, kwa kuwa shairi lake halikukaa sawa na lile alilodai kulijibu.

Tusiyapambe mambo. Mashairi hayakuzuia vita vya Shela, na kila aliyekulia pwani anajua mipasho ya taarabu iliyoishia kwa watu kushikana maungoni. Hatudai kwamba wazee walikuwa malaika. Tunachosema ni kwamba walikuwa na kanuni, na kanuni hiyo ilikuwa na faida nyingine ambayo hatuitaji vya kutosha, nayo ni kuhifadhi. Tungo za Muyaka zilibaki vichwani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya pamoja na mmishonari W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1940 William Hichens akazichapisha. Shairi lililojibiwa lina watu wawili wa kulikumbuka, aliyelitunga na aliyeumwa nalo.

Kanuni hiyo iliingia hata katika mashine. Lamu, wakati wa harakati za uchaguzi za mwaka 1974 na 1975, wafuasi wa wagombea walitunga mashairi, wakayarekodi kwenye kaseti, na kaseti zikapigwa mjini. Upande wa pili ukasikiliza, ukatunga jibu, ukarekodi kaseti yake. Mwanazuoni Assibi Amidu aliyaandikia kitabu mashindano hayo, kwa jina la Kimwondo, kilichotoka mwaka 1990. Hapo kaseti ilikuwa na umri wa miaka kumi na kitu tu, maana Philips waliitoa mwaka 1963, nao watu wa Lamu walikwisha kuifanya baraza.

Wazungu nao walikuwa na ubishi wao juu ya sauti, lakini kanuni waliitafuta kwa njia ndefu zaidi. Kuanzia mwaka 1915 kampuni ya Thomas Edison ilizunguka miji ya Marekani na onyesho. Mwimbaji anasimama jukwaani karibu na mashine, taa zinazimwa, taa zinawashwa, kumbe aliyekuwa akiimba ni mashine na mwimbaji amekwenda zake. Kampuni ikatangaza kwamba hakuna aliyeweza kutofautisha. Miaka mingi baadaye Anna Case, mmoja wa waimbaji hao, alieleza kwamba alikuwa akiipunguza sauti yake ilingane na ya mashine. Yaani badala ya mashine kumwiga mtu, mtu aliiga mashine! Tunapenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba jaribio linaweza kufanywa mbele ya maelfu ya watu na bado likawa limepangwa na muuzaji.

Mwaka 1925 ulipoingia umeme katika kurekodi, maikrofoni ikachukua nafasi ya pembe kubwa ya bati, na walioizoea pembe wakalalamika kwamba sauti mpya ni kali na ya uongo. Compton Mackenzie, mwanzilishi wa jarida la The Gramophone la London, alikuwa miongoni mwa waliolalamika. Baadaye alibadili msimamo. Twataka msomaji amkumbuke mtu huyu, kwa sababu katika historia nzima ya ubishi huu waliobadili msimamo hadharani wanahesabika. Siti alipofika Bombay miaka mitatu baadaye, alikuta maikrofoni.

Mwaka 1954 Gilbert Briggs, fundi wa spika za Wharfedale, akishirikiana na Peter Walker wa Quad, aliujaza ukumbi wa Royal Festival Hall wa London, akawapigia watu santuri na wapigaji hai, zamu kwa zamu, walinganishe wenyewe. Lilikuwa jaribio la kiungwana, lakini watu walikuwa wakiona kila kitu. Hapo ndipo penye tatizo. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwapa wasikilizaji spika zile zile mara mbili, mara ya kwanza zikiwa nyuma ya pazia na mara ya pili zikionekana. Alama zilibadilika. Umbo, ukubwa na jina viliingia masikioni kupitia machoni. Na hao hawakuwa watu wa mtaani, walikuwa wafanyakazi wa kampuni inayotengeneza spika.

Kutokea hapo wapenda sauti waligawanyika makundi mawili, na makundi hayo utayakuta popote watakapokaa watu watatu na amplifaya moja. Kuna watu wa sikio, wanaosema nimesikia, basi. Na kuna watu wa vipimo, wanaosema nionyeshe namba, ama nyamaza. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran wa Marekani walichapisha majaribio 554 ambamo wasikilizaji walitakiwa watambue kama sauti ya kiwango cha juu imepitishwa katika kiwango cha kawaida cha CD au la. Walipatia mara 276, sawasawa na mtu anayerusha sarafu. Watu wa vipimo wakashangilia. Watu wa sikio wakajibu, na safari hii hawakujibu kwa matusi. Waliuliza: je, diski zilizotumika zilikuwa kweli za kiwango hicho tangu zinarekodiwa? Swali lilikuwa la haki. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa chuo cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,000, akakuta kwamba tofauti inasikika kidogo, kidogo sana, lakini si bahati nasibu, na kwamba waliofundishwa kusikiliza waliisikia vizuri zaidi. Kwa hiyo kila kundi lilipata sehemu yake ya ukweli, na hakuna lililopata yote. Isingefika hapo kama upande mmoja ungekataa kulisikia swali la mwenziwe.

Sasa tuje West Bay.

Mtaa huu kwa Kiarabu unaitwa Al Dafna, na jina hilo latokana na kufukia, maana sehemu kubwa yake ilikuwa bahari hadi ilipojazwa kuanzia miaka ya 1970. Hoteli ya Sheraton yenye umbo la piramidi, iliyofunguliwa mwaka 1982, ilisimama karibu peke yake miaka mingi kabla ya minara ya vioo kuizunguka. Wengi wa Waswahili wa Doha hawaishi humo, wanakuja kufanya kazi na kurudi. Lakini mmoja wetu amepewa nyumba na mwajiri wake katika moja ya minara hiyo, na kwake ndiko tunakokutana usiku wa Alhamisi. Tuko kumi na watatu. Wamo wa Mombasa, wa Tanga, wa Unguja, mmoja wa Bukavu, na wawili wenye pasi za Oman ambao Kiswahili chao ni kizuri kuliko chetu. Tunaleta santuri, kaseti na vinanda vyetu, tunakunywa kahawa, tunabishana.

Ubishi wa kwanza ulikuwa wa amplifaya za vali na za transista. Uliendelea msimu mzima, na ukaanza kuchukua harufu ya Bara na Pwani, jambo ambalo halikuhusiana na vali hata chembe. Dawa yake ilitoka kwa mtu aliyefariki mwaka 1919. Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alipewa mwaka 1895 kazi ya kuutibu ukumbi ambao mwalimu akisema humo haeleweki. Alihamisha mito ya viti usiku kwa usiku na kupima mwangwi unavyokufa, hadi akapata hesabu ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo. Tukaifanya hesabu hiyo juu ya sebule yetu. Mita sita kwa tano, dari mita 2.8, sakafu ya marumaru, ukuta mmoja kioo kitupu. Mwangwi ulitoka sekunde mbili na kitu, kiasi cha msikiti mdogo. Tulipotandika mazulia, tukaning'iniza mapazia mazito na kupanga mito ya majilisi, ukashuka karibu na nusu sekunde. Wiki hiyo amplifaya zote mbili zilisikika nzuri, na mabingwa wa pande zote mbili wakawa kimya kidogo. Wote walikuwa wakikigombania chumba.

Ubishi wa pili haukuwa wa mzaha. Mwenzetu mmoja, dada muuguzi wa asili ya Tanga, alileta kaseti ya harusi ya mwaka 1979. Ndani yake anaimba mama yake, ambaye sasa ni marehemu, pamoja na kikundi kidogo cha kodiani, fidla, gita na dumbaki. Mama huyo hakurekodiwa kokote kwingine. Kaseti yenyewe ni nakala iliyotolewa na mjomba kutoka kaseti nyingine ambayo haipo tena. Dada alitaka tuihamishie kwenye kompyuta, wajukuu wamsikie bibi yao. Kaseti ya umri huo haina uhai wa kuchezewa mara nyingi: utepe unakakamaa, kile kitambaa kidogo kinachoubana utepe kwenye kichwa cha mashine kinabanduka, na kila mzunguko unaacha kitu nyuma.

Tulipoipiga mara ya kwanza, mzee wetu wa Tanga, aliyekuwepo kwenye harusi ile, alisikiliza ubeti mmoja akasema, "Huyu si yeye. Amekimbizwa."

Kijana wetu wa vipimo, mhandisi wa mawasiliano, mtoto wa Mombasa, akajibu, "Samahani, mzee wangu, kumbukumbu ya miaka arobaini na kitu si kipimo. Mashine hii nimeipima mwenyewe, mwendo wake ni sahihi."

Mzee alikunja kanzu yake akaondoka. Alhamisi mbili hakuja. Dada aliirudisha kaseti mkobani na kusema kama ni hivyo basi, ibaki ilivyo. Hapo ndipo tulipoona kilichokuwa kinapotea. Kikao chetu kingeweza kufa na mji usitikisike. Lakini watu waliomsikia mama yule kwa masikio yao wanapungua kila mwaka, na mashine zinazocheza kaseti vizuri zinapungua pamoja nao. Ubishi wa miezi sita zaidi ungetosha kuyamaliza yote mawili.

Mwalimu mstaafu wa Mombasa, aliyekuja kumtembelea mwanawe hapa, ndiye aliyekumbusha kujibizana. Alimwendea mzee kwake Al Sadd, akamrejesha, na akatoa sharti moja tu: kabla hujamjibu mwenzio, iseme hoja yake kwa maneno yako, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndiyo hiyo. Bila hivyo huna zamu.

Kijana akajaribu. "Mzee anasema sauti ya mama iko juu kuliko ilivyokuwa."

"Si hivyo tu," mzee akasema. "Na dumbaki linakwenda mbio. Vyote viwili, kwa kadiri moja. Kama kinanda, ni ufunguo mmoja, au haufiki."

Kijana akarudia hayo, na alipokuwa akiyarudia tuliona uso wake unabadilika. Mtu akiimba juu kuliko kawaida, hiyo ni sauti. Ngoma ikienda mbio, huo ni upigaji. Lakini vyote viwili vikipanda kwa kadiri moja, hayo ni mashine, na mashine inapimika. Mashine yetu ilikuwa sahihi kweli. Ile ya mjomba ndiyo ambayo hakuna aliyeiuliza: ama iliyotoa ilikimbia, ama iliyopokea ilisuasua.

Tuna shahidi katika kaseti nyingi za zamani ambaye watu humtukana, nao ni ule mvumo wa umeme. Umeme wa kwetu Afrika Mashariki, kama huu wa Qatar, una mizunguko 50 kwa sekunde, na amplifaya ya harusini huuvumisha mara mbili, 100. Kijana aliupima mvumo ndani ya kaseti akaupata kwenye 105. Asilimia tano juu, yaani karibu ufunguo mmoja wa kinanda, haufiki. Neno la mzee lile lile.

Hapo ndugu yetu wa Bukavu akapinga, na alipinga vizuri. Alisema, baada ya kuirudia hoja kama sharti lilivyotaka, kwamba jenereta ya harusi inaweza kabisa kuzunguka kasi na kutoa 52 au zaidi badala ya 50, na hapo mvumo ni shahidi wa uongo. Mzee alikumbuka kwamba nyumba ilikuwa na umeme wa mjini, lakini tukakubaliana kwamba kumbukumbu hiyo peke yake haitoshi. Tukatafuta shahidi wa pili, na alikuwepo muda wote: kodiani. Fidla hukazwa, udi hukazwa, lakini vijiti vya kodiani vilikatwa kiwandani na havimsikilizi mtu. Noti ambayo kiwandani hutengenezwa kwa mizunguko 440 ilikuwa ikilia kwenye 462 hivi. Asilimia tano tena.

(Kwa wale wenye jamaa Riyadh au Marekani: huko umeme una mizunguko 60. Kinanda cha santuri cha kizamani ambacho mota yake hufuata umeme, kikitengenezwa kwa ajili ya 50, kitakwenda huko asilimia 20 mbele, zaidi ya funguo tatu za kinanda. Kama kanda za babu yenu zilipitia huko, msiziamini kabla ya kuuliza.)

Tukatoa nakala tatu, moja kwa mwendo wa kaseti, moja imepunguzwa kwa hesabu ya 105 kwa 100, moja imepunguzwa kupita kiasi. Hatukuzipa majina. Mzee alisikiliza peke yake, dada peke yake, na aliyekuwa akizipiga hakujua ipi ni ipi. Wote wawili walichagua ile ya katikati. Kihesabu hilo si kubwa, watu wawili wanaweza kuangukia humo kwa bahati mara moja katika tisa, na hakuna mhandisi atakayejenga daraja juu yake. Lakini pamoja na mvumo na kodiani lilitutosha. Dada aliisikiliza ile ya katikati hadi mwisho wa upande, na hakuna aliyemsemesha.

Sasa kila kaseti inayokuja inapata faili mbili, moja ghafi kama ilivyotoka, moja iliyorekebishwa, na karatasi inayosema nani alidai nini na kwa ushahidi gani, pamoja na hoja zilizoshindwa. Tumekwisha kufanya kaseti 31. Iliyobaki ni hoja ya kusafisha. Kijana anataka mvumo uondolewe katika nakala ya kusikilizia, kwa kuwa wajukuu hawatavumilia saa nzima ya kuvuma. Mzee hataki, anasema mvumo ndio uliotuonyesha njia, na harusi yenyewe ilivuma. Alhamisi ijayo ni zamu ya mzee kuieleza hoja ya kijana.